NANI AITWE MWANDISHI?



Katika somo letu la safari hii napenda tulitazame neno moja tulilolizoea mno, neno "mwandishi". Sababu ya kulichagua ni hii. Katika parokia zetu nyingi wazee walioyajua mambo ya kanisa na ya kijiji tangu mwanzo wanaondoka mmoja mmoja, nao wanaondoka na mambo yao. Kila tunapotoka makaburini husemwa, "Laiti tungaliyaandika maneno yake!" Lakini tukiulizana ni nani atakayeandika ya wale waliobaki, kila mtu huinamisha kichwa na kusema, "Mimi si mwandishi." Mwalimu humtazama kasisi, kasisi humtazama katibu wa parokia, naye katibu hutazama saa.

Upande wa pili wapo walio na haraka ya kulitwaa jina hilo. Mtu ametunga shairi moja, likasomwa siku ya harusi na kupigiwa makofi. Mwezi haujaisha, kadi yake ya jina imechapwa "Mwandishi" kwa herufi za dhahabu. Ukimwuliza ameandika nini tangu hapo, hujibu kwamba yuko katika maandalizi.

Hao wawili, anayelikimbia jina na anayelikimbilia, wanafanana kuliko wanavyofikiri. Wote wawili wanadhani kwamba mwandishi ni cheo. Mmoja anaona hakistahili, mwingine anaona kinamfaa. Somo hili lataka kuonyesha kwamba mwandishi ni jina la kazi, kama vile mshoni au mvuvi, na kwamba ndani ya kazi hiyo mna deni: anayeandika hukubali kuulizwa juu ya alichokiandika.

Tayarisheni Biblia zenu na kalamu. Tutafungua Yeremia 36, Marko 12, Luka 1, Warumi 16 na Waraka kwa Filemoni.

1. NENO LENYEWE

Kiswahili ni karimu kwa neno hili. Anayeshika kumbukumbu za mkutano ni mwandishi. Anayepeleka habari gazetini au redioni ni mwandishi wa habari. Aliyetoa kitabu ni mwandishi. Nao wataalamu wa Torati waliobishana na Bwana Yesu, Biblia yetu ya Kiswahili inawaita waandishi. Tunayo majina mengine pia, kama karani, katibu na mtunzi, lakini mwandishi ni mlango ambao wote hao hupitia.

Neno mtunzi linafaa tulitofautishe. Mtunzi hutunga, kama mtu atungavyo shanga katika uzi. Anaweza kutunga kichwani mwake, akaimba, watu wakapokea, na asijue hata herufi moja. Washairi wengi wa zamani walitunga hivyo. Mwandishi yeye lazima akiweke kitu mahali ambapo mwingine atakikuta hata kama mwenyewe hayupo.

Tena kuandika hakukuwa kwa kalamu tu. Mpaka leo twasema kuandika meza, yaani kupanga sahani, vikombe na vijiko mahali pake. Na kuandika chakula, yaani kukipakua na kukiweka mbele ya walaji. Twasema vilevile kwamba fulani ameandikwa kazi. Katika maana zote hizi kuna jambo moja: kupanga kitu mahali pake, mbele ya macho ya watu. Anayeandika meza haandiki kwa ajili ya tumbo lake. Wanaoketi ni wageni. Na chumvi ikizidi, anayeulizwa ni yeye aliyeandika.

Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu tulifundishwa kuvigawa vipindi vya kuandika kwa sehemu tatu: mwandiko, imla na insha. Katika mwandiko mtoto hujifunza kuumba herufi. Katika imla huandika maneno ya mtu mwingine kama alivyoyasikia. Katika insha huandika yaliyo ya kwake. Watu wazima wengi hudhani kwamba uandishi ni insha peke yake, na kwa hiyo asiye na hadithi ya kubuni kichwani hujiona yuko nje. Tutaona sasa hivi kwamba imla imetuletea maandishi makubwa sana.

2. JINA LILIPOGEUKA CHEO

Zamani za Ezra, mwandishi alikuwa mtu wa kazi ngumu. Vitabu vyote vilinakiliwa kwa mkono. Herufi moja ikiachwa, maana hugeuka, na msomaji wa kizazi cha baadaye hana njia ya kujua. Ezra mwenyewe anatajwa kuwa mwandishi hodari wa sheria, naye alisimama mbele ya watu waliorudi kutoka uhamishoni akawasomea. Kwa haki kabisa watu waliwaheshimu waandishi.

Lakini fungueni Marko 12, kuanzia mstari wa 38. Hapo tunawakuta waandishi wa namna nyingine. Wanapenda mavazi marefu, wanapenda kuamkiwa sokoni, wanapenda viti vya mbele, na huku wanamaliza mali za wajane. Angalieni vizuri lile wanaloshutumiwa. Hawashutumiwi kwa kuandika wala kwa kusoma. Katika sura hiyohiyo, mistari michache kabla, yupo mwandishi mmoja aliyejibu kwa busara, naye alisifiwa na Bwana. Ubaya wa wale wengine ni kwamba jina lilikuwa limeanza kuila kazi. Kilichokuwa alama ya utumishi kikawa kilemba cha kuvaa barabarani.

Wahenga wetu wana msemo juu ya mambo haya: kumvika mtu kilemba cha ukoka. Kilemba cha majani kwa mbali huonekana kilemba, lakini jua la saa sita hukinyausha. Basi anayetaka kuitwa mwandishi ajiulize kwanza: je, jina hili likiondolewa leo, kazi itabaki? Ikibaki, hana haja ya kuliogopa wala kulipigania.

3. MKONO ULIOSHIKA KALAMU

Sasa tumtazame Baruku mwana wa Neria, katika Yeremia 36. Huyu aliandika kwa imla. Yeremia alisema, Baruku akaandika kwa wino katika gombo. Kisha akatumwa kwenda kulisoma hekaluni mbele ya watu. Wakuu waliposikia waliogopa, wakamwuliza ameyaandikaje maneno hayo yote. Jibu lake ni fupi, nalo lingefaa libandikwe juu ya meza ya kila mwandishi: alieleza kwamba Yeremia aliyatamka kwa kinywa chake, naye akayaandika kwa wino. Hakujitukuza kwa maneno yasiyo yake, wala hakuukana mkono wake ili ajiokoe.

Gombo likapelekwa kwa mfalme Yehoyakimu. Ilikuwa wakati wa baridi, na mbele yake moto ulikuwa ukiwaka. Kila kurasa tatu au nne zilipokwisha kusomwa, mfalme alizikata kwa kisu kidogo, kile ambacho waandishi walikitumia katika kazi yao, akazitupa motoni mpaka gombo lote likateketea. Chombo cha mwandishi kikatumika kuyaharibu maandishi. Ndipo Baruku akachukua gombo jingine. Akaandika tena maneno yote yaliyochomwa, na mengine mengi ya namna ile yakaongezwa.

Ndugu msomaji, hapa ndipo jina linapopimwa. Kuandika mara ya kwanza, wakati moyo una moto, si ajabu. Kuandika mara ya pili baada ya kazi yako kuwa majivu, hiyo ndiyo kazi. Na mkisoma sura ya 45 mtaona kwamba Baruku aliugua na kulalamika kwa kukosa raha, akaonywa asijitafutie mambo makuu. Aliahidiwa uhai wake, basi. Hakuahidiwa sifa.

Katika Warumi 16:22 yuko mwingine, Tertio. Barua ndefu kuliko zote za Paulo ilipita mkononi mwake. Karibu na mwisho anajitokeza kwa mstari mmoja tu, anataja jina lake, anasema ndiye aliyeuandika waraka, anasalimu, kisha anarudi kimya. Hilo ni fundisho kwa wale wanaoona haya: hata aliyeandika ya mwenzake ana haki ya kusema kwamba mkono ni wake.

Sasa fungueni Filemoni, mstari wa 19. Paulo anamwombea Onesimo mtumwa, na kama Onesimo anadaiwa chochote, Paulo anaahidi kulipa. Kisha anataja kwamba ahadi hiyo ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kwa nini alitaje hilo? Kwa sababu mkono ulioandika ndio unaodaiwa. Kila aliyepata kutia sahihi ya kumdhamini mtu anajua jambo hili.

Na Luka? Yeye hakulitaja jina lake katika Injili yake, lakini tazameni mistari minne ya kwanza. Anaeleza alivyofanya kazi: wengine walikwisha kuandika, wapo walioshuhudia kwa macho, naye amejitafutia habari kwa bidii tangu mwanzo na kuzipanga kwa taratibu, ili Theofilo apate kuwa na hakika. Aliliacha jina, akaonyesha kazi. Msomaji makini hujua aamini lipi.

4. WALIOTUTANGULIA KATIKA PWANI YETU

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Wayahudi na Warumi tu. Hapa kwetu tunao waandishi, nao wanafundisha lilelile.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mwanamke wa Pate, aliyeolewa na mtawala wa Siyu. Yapata mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimwandikia binti yake utenzi wa mawaidha. Hakuandika ili asomwe chuo kikuu. Alikuwa na mtoto mmoja mbele yake na siku chache za kuishi. Hata hivyo hakuuacha utenzi ule ukitembea bila mwenyewe: alieleza mwishoni habari za aliyeutunga na mwaka wenyewe. Utenzi ule unasomwa mpaka leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, na kila anayeusoma anajua wa kumwuliza.

Mombasa alikuwako Muyaka bin Haji, malenga aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa midomoni mwa watu: ya siasa za mji, ya mapenzi, ya njaa na ya mzaha. Lakini kinachokaa mdomoni hufa na mdomo. Zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyatafuta mashairi hayo kwa watu waliokuwa bado wakiyakumbuka, akasaidiana na kasisi William Taylor wa misheni ya C.M.S., mpenzi mkubwa wa Kiswahili, aliyeyahifadhi pamoja na maelezo ya maneno magumu. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Kitabu cha mashairi hayo, kilichotengenezwa na William Hichens, kilitoka mwaka 1940, miaka 100 kamili baada ya Muyaka kuzikwa.

Hebu tuhesabu. Mtunzi ni Muyaka. Je, mwandishi ni nani? Bila Mwalimu Sikujua tusingekuwa na sehemu kubwa ya mashairi yale, lakini majina mengine yanafahamika kuliko lake. Jina lake ni Sikujua, na kumbe ndiye aliyejua. Hakuna neno lake hata moja katika mashairi yale, na bado deni letu kwake ni kubwa. Imla yake imetuletea diwani nzima.

Karibu na Mombasa hiyohiyo, wamisionari wa C.M.S. walianzisha katika miaka ya 1870 makao ya watu waliokombolewa utumwani, yakaitwa Frere Town. Huko ndiko alikotoka James Mbotela, Mwanglikana mwenzetu, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliokombolewa. Mwaka 1934 kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichapwa London. Aliandika aliyoyasikia kwa baba yake na wazee wa pale, kabla wote hawajaondoka. Wapo waliokisoma miaka ya baadaye wakaona kwamba kinawasifu Waingereza kupita kiasi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tunaweza kubishana na Mbotela kwa sababu aliandika. Wale ambao habari zao hazikuandikwa hatuwezi hata kubishana nao.

Mwisho tumtaje Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962. Leo kila mtoto wa shule anamjua kama baba wa fasihi yetu. Lakini mshahara wake ulikuwa wa ukarani. Tangu mwaka 1926 mpaka 1944 alikuwa karani wa Forodha, kisha akatumika katika Idara ya Wanyama, katika ofisi ya serikali ya Tanga, na katika Idara ya Upimaji. Mchana aliandika hesabu na barua za serikali. Vitabu aliviandikia saa zilizobaki. Na baadhi ya vitabu hivyo hakuviona vikitoka. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitolewa mwaka 1968, yeye akiwa kaburini miaka sita. Kama jina la mwandishi lingengoja kitabu kitoke kiwandani, basi Shaaban Robert alipokuwa akiandika Utubora hakuwa mwandishi, jambo ambalo ni upuuzi.

Na asije mtu akasema kwamba hayo ni ya zamani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alikuwa mwalimu kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent, mjini Canterbury. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1987, umri wake ukikaribia miaka 40. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2021, baada ya vitabu vingi na miaka 34. Katika miaka hiyo yote, kilichomfanya mwandishi kilikuwa meza na karatasi. Tuzo ilimkuta kazini.

5. DAFTARI LA AKINA MAMA

Sasa tushuke kijijini. Nitaeleza jambo lililotokea katika parokia moja ninayoifahamu, bila kutaja jina lake wala la watu wake.

Palitokea ugomvi juu ya mpaka wa kiwanja cha kanisa. Jirani alidai ukanda wa ardhi upande wa mashariki, ambako akina mama walikuwa wamelima bustani kwa miaka mingi. Wazee walikumbuka kila mmoja lake. Mmoja alisema mpaka ni mwembe, mwingine alisema mwembe ulipandwa baadaye. Maneno yakawa makali, watu wawili wa ukoo mmoja wakaacha kusalimiana, na ilionekana kwamba shauri litakwenda barazani na pengine mahakamani.

Ndipo mama mmoja mzee akaleta daftari la shule, jalada limeliwa na mende. Lilikuwa la kumbukumbu za umoja wa akina mama, la mwaka 1983. Ndani yake mlikuwa na mkutano wa siku walipopanda mkonge kuwa mpaka. Aliandika hatua ngapi kutoka pembe ya kanisa. Aliandika waliohudhuria, na miongoni mwao alikuwamo baba wa yule jirani, ambaye siku ile ndiye aliyeshika jembe. Aliandika pia kwamba wanachama wawili hawakukubaliana na mpaka ule, na sababu walizotoa. Mahali pamoja hesabu ya hatua ilikuwa imekosewa. Hakuchana ukurasa, alikata namba kwa mstari mmoja, akaandika nyingine juu yake, akatia herufi za jina lake pembeni.

Wazee walilisoma daftari lile mpaka mwisho. Jirani akaomba asomewe tena mahali palipotajwa baba yake. Wakaenda wote, wakahesabu hatua, wakafukua, wakakuta visiki vya mkonge. Shauri likaisha siku ile.

Nataka tuone ni kitu gani kilichowafanya waamini. Mwandiko haukuwa mzuri, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu wa darasa la nne. Waliamini kwa sababu aliwaandika hata wale waliompinga, na kwa sababu kosa lake alilisahihisha mbele ya macho ya watu. Hakuficha kitu. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tuliona siku ile mali ikirudi kwa habari.

Watu walipomshukuru, alisema, "Jamani, mimi si mwandishi. Nilikuwa nashika kalamu tu." Lakini chini ya kila mkutano, kwa miaka mingi, ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake: Mwandishi, kisha sahihi. Daftari lilimjua kuliko alivyojijua.

6. MAMBO MANNE YA KUJIPIMA

Baada ya kuyaona hayo, naweka hapa mambo manne. Kila anayetaka kujua kama jina hili ni lake, ajipime kwayo.

Kwanza, je, unaandika? Swali hili laonekana la kitoto, nalo huwaangusha wengi. Si kama uliandika zamani, au utaandika ukistaafu. Mvuvi asiyekwenda baharini ana hadithi za bahari, lakini samaki hana. Kurasa mbili kwa juma, kila juma, ni nyingi kuliko kitabu kizima kilichomo kichwani.

Pili, je, umetafuta hakika? Luka aliwauliza walioona kwa macho. Ukiandika habari za marehemu, waulize watoto wake, waulize na majirani. Ukiandika mwaka, utafute katika kitabu cha ubatizo. Usipopata, acha mahali wazi. Pengo la kweli ni bora kuliko kizibo cha uongo.

Tatu, je, umetenganisha ya kwako na ya wenzako? Baruku alisema maneno yametoka wapi. Siku hizi jambo hili limekuwa zito, maana mtu hunakili risala nzima kutoka katika simu, na ziko mashine zinazoweza kumtungia wasifu wa marehemu kwa dakika moja, kwa Kiswahili kilichonyooka. Sisemi kwamba chombo ni dhambi. Kalamu nayo ni chombo. Lakini fikirini makaburini. Wasifu umesomwa kwamba marehemu aliacha watoto saba, na mtoto wa nane amesimama pale pale, ameshika ua, analia. Nani ataulizwa? Simu haiwezi kumwendea yule kijana na kumwomba radhi. Yule aliyeisoma karatasi na kuitia jina lake ndiye atakayekwenda. Basi kama umetumia msaada, lipime kila neno kama kwamba umeliandika mwenyewe, na useme ulikosaidiwa. Usipoweza kulijibia neno, usilisome.

Nne, je, unakubali kusahihishwa? Maandishi yanayoogopa kalamu nyekundu hayafai kuwekwa mezani. Mpe mwenzako asome kabla hujatoa. Akikuonyesha kosa, mshukuru, kisha likate kwa mstari mmoja, kama yule mama.

Aliye na haya manne aitwe mwandishi, awe na kitabu au awe na daftari la kurasa 48. Wala hana haja ya kulitangaza jina, kwa maana chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini akiulizwa, "Nani ameandika haya?" asijifiche nyuma ya unyenyekevu. Kukataa jina wakati huo si unyenyekevu tena. Ni kuliacha andiko bila mwenyewe, na andiko lisilo na mwenyewe halina wa kulijibia. Aseme, "Ni mimi," kama Tertio, kisha asikilize atakachoulizwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Soma Yeremia 36:17-18. Kama Baruku angejibu kwamba maneno yale ni yake mwenyewe, au kwamba hajui yalikotoka, gombo lingepoteza nini mbele ya wakuu?

2. Kati ya Muyaka, Mwalimu Sikujua na kasisi Taylor, ungempa nani jina la mwandishi? Toa sababu. Je, laweza kuwa la zaidi ya mmoja?

3. Yule mama aliwaandika waliopinga mpaka. Je, katika vikao vyetu huandikwa waliokataa, au huandikwa "wote walikubaliana"? Kuna hatari gani?

4. Ni lipi gumu zaidi kwako: kuanza kuandika, au kutia jina lako chini ya ulichoandika? Kwa nini?

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Tafuta mzee mmoja katika jirani yako, mwenye umri wa miaka 75 au zaidi. Nenda na daftari na kalamu, wala usiende mikono mitupu. Sukari kidogo inatosha. Mwombe akueleze jambo moja tu: kanisa la kwanza alilolikumbuka lilijengwa kwa nini, nani walibeba miti au matofali, na maji yalitoka wapi. Andika kama anavyosema. Ukimaliza, msomee yote uliyoandika, naye asahihishe. Mwulize kama yupo mtu mwingine anayeyakumbuka tofauti, umwandike na huyo.

Kisha chini ya ukurasa andika jina la mzee aliyesimulia, mahali, na tarehe. Mstari wa mwisho andika neno Mwandishi, na mbele yake jina lako, lote, kwa herufi zinazosomeka.